Umeme wa jua na betri nyumbani Bombo: shilingi milioni 12.8 zilivyotumika

Mfumo nilioufunga nyumbani kwangu Bombo, Uganda, una paneli sita za wati 550, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 5 na betri moja ya lithiamu ya kilowati-saa 5.12, na gharama yake yote ilifika shilingi 12,800,000. Wengi huuliza kwanza bei ya paneli, ilhali paneli zote sita zilichukua shilingi 3,120,000 tu. Betri peke yake ilikula 4,900,000, inveta 2,600,000, ufundi 700,000, na zilizobaki, 1,480,000, zikaishia kwenye nyaya, vyuma vya kushikia paneli juu ya mabati, swichi za usalama, kinga ya radi na waya wa ardhini, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Fungu hilo la mwisho ndilo linalotofautisha ankara moja na nyingine. Duka la kwanza nililoliendea lilinitajia bei ya chini kwa zaidi ya milioni moja, lakini nilipoipitia karatasi yao mstari kwa mstari sikuona waya wa ardhini wala kinga ya radi, na swichi walizoziandika upande wa paneli zilikuwa za AC, yaani za umeme wa kawaida wa nyumbani. Umeme utokao kwenye paneli ni wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, na cheche yake haizimiki upesi swichi inapokata, kwa hiyo swichi isiyo ya aina hiyo inaweza kuyeyuka na hata kuwasha moto. Na kwa radi za Uganda zilivyo, sioni unafuu wa kuiacha inveta ya mamilioni bila kinga.

Nilishauriwa pia ninunue betri nne za jeli za 200Ah kwa jumla ya milioni 3.2. Kwenye karatasi zina kilowati-saa 9.6, ila zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara huchakaa mapema. Lithiamu hutumika hadi asilimia 90 hivi, kwa hiyo umeme unaoupata kwa usiku mmoja unakaribiana.

Anayetarajia kurudisha fedha zake kupitia Yaka, umeme wa gridi unaolipiwa kabla ya kutumia, peke yake afanye hesabu kwanza. Nyumba yetu hutumia yuniti 140 hivi kwa mwezi, na kwa bei ya mwaka 2025, takriban shilingi 750 kwa yuniti kabla ya VAT ya asilimia 18, mfumo ukibeba robo tatu ya matumizi hayo unaniokolea kama shilingi 93,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo fedha zinarudi baada ya miaka zaidi ya kumi na moja. Mimi nilichokilipia ni friji isiyozima na taa zinazobaki zikiwaka mtaa mzima ukiwa gizani, na kwa hilo mfumo haujaniangusha, ingawa siku za mawingu mazito betri haijai na pasi inabidi isubiri umeme wa UEDCL, kampuni inayosambaza umeme wa gridi.