Mkutano wa AA nyuma ya kanisa, Nairobi: nyota nne, ya tano nimeishikilia kwanza

Siku ya kwanza sikuuona huo mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, watu wanaosaidiana kuacha pombe). Nlikuwa nimetoa anwani kwa orodha moja hivi ya mitandaoni, ati kila Jumanne saa kumi na mbili jioni, nikashuka matatu nikatembea na jam yote ile, kufika nakuta ukumbi umegeuzwa stoo ya mitumba na jamaa ananiuliza nataka saizi gani. Na kufika hapo nimepita maduka matatu ya kuuza mzinga wa pombe kali, moja wananijua kwa jina. Mwenye kuandika orodha kama hiyo angejua mtu anakuja na kiu gani angekuwa anaipitia hata mara moja kwa mwezi.

Hiyo jioni nlipiga 1192, ile namba ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni ya bure na hawakuharakishi. Halafu hii ya kanisa nikaelekezwa na mtu wa kazini ambaye hata sikujua mambo yangu anayajua.

Sasa geti. Nauliza askari polepole, boss, AA ni wapi? Ananiangalia. "AA ya kusomea gari? Hiyo sio hapa mkubwa, hapa ni kanisa." Na ukweli Kenya ukisema AA mtu anawaza zile gari za kufundishia na L nyekundu, simlaumu. Nyuma yangu kuna akina mama wa kwaya wanangoja kuingia. Nikamsogelea sikio nikamwambia sio ya gari, ni ya ile... pombe. "Aaaah! Ya walevi! Nyuma ya jikoni, mlango wa bluu!" Hiyo sauti mpaka madhabahuni ilifika. Karibu nirudi nyumbani.

Ndani ni viti vya plastiki kama kumi na tano, flaski ya chai, mandazi, na kitabu cha bluu cha AA kila mtu anakishika kama Biblia. Hakuna kuandika jina, hakuna kitambulisho, hakuna kiingilio, na hii nchi unajua hata chama cha kununuliana sufuria lazima utoe ya kujiunga. Mwishoni kuna kapu linazunguka la kodi ya chumba na majani chai, likifika kwako wa kwanza wanakwambia lipitishe tu. Pesa za watu wa nje hawachukui kabisa. Sharti lao ni moja, uwe unataka kuacha, na hakuna anayekupima kama unataka kiasi gani.

Chenye kilinishinda ni lile neno. Kila anayeongea anaanza, "Naitwa fulani, mimi ni mlevi." Kwetu mlevi ni yule watoto wanamfuata barabarani wakiimba, ni neno mama yangu alikuwa analisema akiangalia kando. Hapa mzee mmoja wa koti na tai analitamka vile mwingine angesema mimi ni fundi wa viatu, halafu anaendelea na story, na wengine wanamjibu habari yako fulani. Zamu yangu nikasema naitwa fulani, nimekuja kusikiza tu. Hakuna aliyenisukuma. Nlilisema mara ya nne nikienda, na sauti ilikatika katikati.

Mapungufu yapo. Masomo yote yanasomwa kwa Kizungu, zile hatua 12 za AA za kuacha pombe na mengine, halafu watu wakianza kuongea ni Kiswahili na Sheng, sasa mbona msisome kwa lugha mnayolilia? Kuna jamaa anaongea mpaka chai inapoa. Wanawake ni wawili tu, na najua wanaokunywa sio wawili. Habari za Mungu ziko nyingi lakini wanasema ni Mungu vile wewe unamwelewa, na kuna kijana hamwamini yeyote na bado anakuja.

Kitu muhimu: kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kutoa lock, yaani pombe ya asubuhi, usikate ghafla peke yako nyumbani. Huyo mzee wa tai alinivuta kando siku ya kwanza akaniuliza hilo kabla hata ya jina, akaniambia pitia kwa daktari kwanza kwa sababu mwili uliozoea ukinyimwa ghafla unaweza kupata kifafa, watu wanakufa hivyo. Mkutano sio hospitali na wao wenyewe hawajifanyi.

Pia uliza kama mkutano ni wa wazi, yeyote anaingia, au wa kufungwa, wa wenye shida ya pombe tu. Wa wazi nlienda na mke wangu, akalia kuniliko, na hapo ndio akasikia kuna Al-Anon ya watu wa familia. Saa hii anaenda yake.

Na ya siri mnayoogopa, nlikutana na mtu wa SACCO yetu humo ndani. Tuliangalia sakafu wote wawili. Wiki mbili baadaye kwa mkutano wa mwaka akanipitishia karatasi ya gawio bila neno, ila chai yangu ndio alinimiminia kwanza.

Nyota ya tano nitaiachilia wakiweka kibao cha mshale pale geti. Hata kiandikwe AA peke yake, wenye watadhani ni ya magari wacha wadhani.