TAHADHARI: Anayeuza rangi za "metaliki na lulu" za modeli anatuuzia rangi ya magari

Ndugu zangu mnaounganisha modeli za plastiki, hasa mlioko Dar na mnaoagiza kutoka mikoani: kuna mtu anauza kwa WhatsApp rangi za fedha, kromu na lulu akidai ni za Tamiya na Vallejo, kampuni za rangi za modeli, "orijino kutoka Japani". Msimtumie hela. Ndani ya chupa zile mna rangi ya magari iliyozimuliwa kwa thina kali, na inayeyusha plastiki.

Jina la ukurasa wake sitalitaja, maana amekwisha kulibadilisha baada ya watu kulalamika na atalibadilisha tena. Mtambueni kwa mbinu zake.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea chupa alizonunua kwake, pamoja na ndege iliyoharibika, Mustang P-51D (ndege ya kivita) ya 1/72, yaani iliyopunguzwa mara 72. Amedunduliza hela ya ndege ile kwa muda mrefu. Tena alikuwa amesoma: alijua kwamba mabawa ya P-51D nyingi yalizibwa mistari ya viungo vya bati na kupakwa rangi ya fedha kiwandani, wakati kiwiliwili kiliachwa bati tupu, kwa hiyo alitaka fedha mbili tofauti, moja tulivu na moja ya kung'aa. Akauziwa chupa mbili zenye lebo mbili na bei mbili. Nilipozipaka bega kwa bega kwenye vipande vya fremu (vijiti vya plastiki vinavyoshika sehemu za modeli kabla hazijakatwa), ni rangi ile ile. Maelekezo aliyopewa yalikuwa "paka moja kwa moja, praima haihitajiki", yaani bila rangi ya msingi inayotangulia. Aliyafuata. Bawa likalainika na kujikunja, mistari ya mabati ikafutika, kioo cha rubani kikajaa nyufa. Hapo hakuna cha kuokoa. Plastiki ikishaliwa hairudi.

Modeli nyingi ni za polistairini. Thina ya gereji huwa na toluini, asetoni na ndugu zake, na polistairini huyeyuka humo. Mafundi wa gereji hawana kosa lolote: juu ya bati lenye praima rangi hiyo inafanya kazi nzuri sana. Wapo pia wazoefu wanaoitumia kwenye modeli, kwa kuweka praima ya kukinga na kupulizia tabaka nyembamba mno. Lakini huyu anaitia kwenye chupa ndogo, anabandika lebo ya kudurufu, na kumwambia anayeanza aipake kwa brashi. Huo ni wizi.

Hata isingeyeyusha, bado isingefaa. Metaliki hung'aa kwa vipande vidogo vya alumini vinavyolala bapa ndani ya rangi. Kipande cha mikroni 30 (mikroni 1,000 ni milimita moja) kwenye mlango wa gari hukioni. Kwenye ndege ya 1/72 ni sawa na kipande cha milimita 2 kwenye ndege halisi, ndiyo maana Mustang ile ilionekana imenyunyiziwa mchanga. Rangi nzuri za metaliki za modeli husagwa laini kuliko hivyo.

Lulu yake ni uongo mwingine kabisa. Lulu ya kweli haina alumini. Ni vipande vya maika, madini yanayobanduka kama karatasi, vilivyovikwa utando mwembamba sana wa titani dioksidi. Mwanga hurudi kutoka juu ya utando na kutoka chini yake, na unene wa utando ndio unaoamua utaona dhahabu, bluu au kijani. Kwa hiyo lulu inapitisha mwanga, na inategemea rangi iliyo chini: juu ya nyeupe inakuwa laini, juu ya nyeusi inawaka. Yeye anachanganya fedha na nyeupe. Ukigeuzageuza kijiko kilichopakwa kwenye jua, hakuna rangi inayohama. Unapata kijivu tu.

Sasa angalieni picha zake za "kromu". Zile ni sehemu zilizotoka kiwandani zikiwa na kromu, za modeli za magari, zinazovikwa alumini ndani ya chumba kisicho na hewa. Tazama fremu inayoshika vipande: nayo inang'aa pande zote, mpaka kwenye kona ambazo brashi haifiki. Na pale kipande kilipokatwa unaona doa la plastiki tupu. Kromu ya kupulizia haipatikani kwa mkono mmoja wa brashi. Inahitaji nyeusi ya kung'aa iliyokauka kabisa na isiyo na vumbi, brashi ya hewa kwa presha ndogo, psi 12 hadi 15 hivi, na uvumilivu wa tabaka baada ya tabaka.

Lebo zake pia zinamsaliti. Anauza "Tamiya LP-11 ya ml 30", wakati chupa za LP, aina moja ya rangi za Tamiya, ni ml 10. Anauza "TS-30" kwenye chupa ya kioo, na TS ni makopo ya kupulizia ya ml 100. "Vallejo Metal Color ya Japani" haipo. Vallejo ni ya Hispania, na rangi hiyo ni ya maji. Ukifungua ikakupiga thina puani, funga.

Kuna jambo linalonitia hofu kuliko hela. Kwa wanaonunua lulu anaongeza kichupa cha "hadna ya kung'arisha", yaani kigumishi cha kuchanganya na rangi. Hadna za klia (vanishi ya juu) za magari kwa kawaida zina isosaianeti, kemikali ambazo zinaweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na barakoa za kawaida hazitoshi kuzizuia. Vijana wanapulizia hizi vyumbani, wadogo zao wamelala pembeni. Tafadhali, mwenye kichupa hicho asikichanganye na chochote.

Kama umeshanunua, usijaribie kwenye modeli. Weka tone kwenye fremu ya modeli ile ile, subiri likauke, kisha kwaruza kwa ukucha. Plastiki ikiwa imelainika au ina nyufa, umepata jibu. Usimwage sinkini. Hifadhi chupa, lebo, mazungumzo na ujumbe wa muamala. Namba anayotumia kupokelea hela, na anayosisitiza "tuma na ya kutolea", iripotini kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Bidhaa zenye lebo bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, nao watataka kuiona chupa yenyewe, kwa hiyo msizitupe kwa hasira. Kijana wangu anazo zake bado, na tunazipeleka. Walioumizwa na mtu huyu tuungane. Malalamiko ya wengi hayawekwi kando kirahisi.