Daktari aliyeongea na binti yangu kuhusu goti langu

Kwa mwenye haraka: nyota mbili kati ya tano. Siku ile ya kwanza, kama wangeruhusu sifuri, ningeweka sifuri. Na sitashangaa nikibadilisha tena kabla sijafika mwisho wa maelezo haya.

Goti langu la kulia linanisumbua miaka mingi sasa. Nikiamka limekaza, nikizungukazunguka kidogo linalegea, nusu saa haifiki. Kupanda ngazi navumilia. Kushuka ndiyo kazi. Binti yangu akapata habari za kliniki hii ya viungo, akanisindikiza. Tulisubiri sana, lakini foleni siyo iliyonikasirisha.

Daktari alifungua picha ya eksirei kwenye kompyuta, akaitazama, kisha akamgeukia binti yangu. "Goti la mama limechakaa sana. Asipande ngazi, asitembee mwendo mrefu, apumzike. Na apunguze mwili." Mimi nipo, nimekaa mbele yake, akili zangu timamu, goti ni langu. Nikamuuliza, "Daktari, na huu mlio nikichuchumaa ni wa nini?" Jibu akampa binti yangu: "Mwambie ni kawaida kwa umri wake." Binti yangu, Mungu ambariki, akamwambia, "Mama anakusikia, daktari." Akatabasamu, akaendelea kuandika.

Hakunishika goti. Hakuniambia nisimame wala nitembee hatua mbili aone. Amesoma picha, akaihukumu picha, na mwenye mguu akapelekewa salamu. Halafu watu wanaofuatilia ugonjwa huu wa kuchakaa kwa viungo wanajua picha na maumivu mara nyingi havilingani: kuna mtu gegedu lake, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika vibaya kwenye picha na anacheza na wajukuu, na kuna mwingine picha yake nzuri tu lakini usiku halali. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2022, unasema mtu wa miaka 45 na zaidi mwenye maumivu yanayokuja akitumia kiungo, na asiyekaza asubuhi zaidi ya nusu saa, kwa kawaida hahitaji hata hiyo picha ili ugonjwa utambuliwe. Mimi nilipigwa picha kabla ya kuulizwa chochote.

Nikaandikiwa vidonge vya glukosamini na kondroitini, virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, vya kumeza miezi. Vinauzwa hapohapo dirishani, bila shaka. Nimekuja kusoma baadaye kwamba mwaka 2006 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani wa watu zaidi ya 1,500 wenye maumivu ya goti, na kwa ujumla waliomeza vidonge hivyo hawakupata nafuu ya maana kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kulikuwa na kikundi kidogo cha wenye maumivu ya wastani hadi makali ambao mchanganyiko wa hivyo viwili ulionekana kuwasaidia, kwa hiyo sisemi ni utapeli. Nasema angenieleza. Mimi, siyo binti yangu.

Dada wa mapokezi naye akaniazima fimbo, akanielekeza niishike mkono wa kulia, upande wa goti linaloniuma. Mlikumbuke hilo.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapoharibika. Kwenye ile karatasi palikuwa na mstari mmoja chini, umeandikwa kama kwa kulazimishwa: fiziotherapia. Tukaelekezwa nyuma kabisa, chumba kidogo kilichobanana na stoo. Akatoka mtaalamu wa mazoezi, binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo mama. Goti lipi, na linakuzuia kufanya nini?" Nilikaribia kulia. Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Akalishika. Akabonyeza pembeni ya pia ya goti, akalikunja, akalinyoosha, akaniambia niinuke kwenye kiti bila kutumia mikono. Nikashindwa. Akasema basi tunaanzia hapo. Ile fimbo akaichukua, akaihamishia mkono wa kushoto: fimbo hushikwa upande wa pili na mguu mbovu, iende nao pamoja ukikanyaga. Hatua ya kwanza tu nikaona tofauti. Mapokezi ya kliniki ya viungo hawajui fimbo inashikwaje!

Akanieleza kwa nini kupumzika tu ni kulimaliza goti. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute wa ndani ya kiungo, na ute huo unaingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea. Ukikaa, na msuli wa mbele wa paja nao unanyong'onyea, mzigo wote unaangukia kiungo. Kuhusu uzito alisema lilelile la daktari, lakini sikilizeni tofauti: "Mama, ukipungua kilo moja, goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua." Yule aliniona mnene. Huyu alinipa sababu.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu. Kuinuka na kukaa kwenye kiti kirefu, kisha kifupi zaidi. Kupanda kidaraja kimoja na kushuka polepole. Kukaza paja mguu umenyooka. Yanauma mwanzoni, na aliniambia mapema kwamba yatauma: maumivu ya kuvumilika ni sawa mradi kufikia kesho yake yawe yamerudi pale yalipokuwa; yakizidi, punguza, usiache. Akanionya pia nisibugie vidonge vya maumivu, vinaweza kuumiza tumbo na figo, nikaulize kwanza kuhusu dawa ya kupaka. Ilichukua wiki nyingi, na kuna wiki nilimlaani. Lakini sasa nashuka ngazi kwa kubadilisha miguu kama watu wengine. Sijapona, maana ugonjwa huu haufutiki. Ikifika siku ya kubadilishiwa goti nitabadilishiwa. Alisema mwenyewe kwamba upasuaji huo unawasaidia wengi ambao mengine yote yamewashinda.

Kwa hiyo huyu binti nampa tano, na zingekuwepo saba ningempa. Kliniki nzima basi iwe nne?

Hapana. Nimekumbuka kitu. Juzi nilipotaka kuendelea naye, nikaambiwa rufaa imekwisha muda, lazima nimwone tena daktari, nilipie tena, ndipo anisainie kurudi kwenye kile chumba cha stoo. Anayetibu hana hata dirisha. Anayetazama picha ana kiti cha kuzunguka na ndiye mwenye ufunguo. Nimerudi kwenye mbili. Na ile ya pili ni ya huyo binti, kliniki isijisifu nayo.

Mkienda, pigeni simu kwanza muulize kama mtaalamu wa mazoezi yupo siku hiyo. Kama hayupo, ahirisheni. Na vile vidonge vya dirishani mnaweza kukataa, hakuna atakayewafukuza. Mimi nilikataa safari iliyofuata na dada wa pale alinikunjia uso tu.