Jiko la udongo la mafundi wa Ng'ambo Tabora: mkaa unapungua kweli ila kagueni mlango

Wadau wa Tabora mnaopikia mkaa, leo naongelea jiko banifu, lile lenye bati nje na udongo ndani, nimelinunua kwa fundi mmoja upande wa Ng'ambo kwa 15,000 baada ya kuvutana sana maana alianzia 20,000. Saizi ya kati. Umbo ni lile lile lililoanzia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, juu pana, kiuno chembamba, chini pana tena. Nimelitumia tangu mvua zimepamba moto na sa hivi baridi la Juni limetushika, kwa hiyo siongei kwa furaha ya jiko jipya.

Mkaa unapungua, hilo halina ubishi. Kwenye la bati tupu joto lote lilikuwa linatokea mbavuni, ukipita karibu unaungua miguu huku sufuria inasuasua. Hili udongo unalizuia joto ndani linapanda juu kwenye chungu, sado ya mkaa (kile kindoo cha kupimia) iliyokuwa inaniishia mchana na jioni sasa inavuka mpaka chai ya asubuhi, na hapo nimechemsha maharage humo humo.

Ila sasa mlango. Hapa ndo pesa yako inapoponea au kupotelea. Pale kwa fundi majiko yamepangwa yanang'aa rangi, ukisukuma mlango mengi yanabaki wazi upenyo wa kupitisha kidole. Nikamuuliza, baba mbona huu haufungi? Akanijibu, mama huo ni wa kutolea majivu tu. Jamani sio wa majivu tu! Ukiwasha unauacha wazi hewa iingie, mkaa ukishakolea na maharage yameanza kuchemka unaufunga unabakiza upenyo kidogo, moto unatulia, maharage yanaiva polepole na wewe unafua zako. Mlango usiofunga maana yake moto unawaka kwa nguvu zote muda wote hata kama sufuria inahitaji moto mdogo tu, sasa hapo umenunua bati lenye udongo wa urembo. Nikamgomea mpaka akachukua nyundo akagonga fremu pale pale, mlango ukakaa. Kwa hilo nampa maksi, wengine wangenuna.

Kingine ingiza mkono upapase udongo wa ndani, usiwe na ufa, na pale unapokutana na bati pawe pamezibwa vizuri kwa saruji usicheze. Weka sufuria yako juu ukiweza, kwenye yale mafiga matatu, uone kama haiyumbi.

Halafu kuna ambalo fundi hakuniambia na naona wengi hawaambiwi, jiko jipya usilijazie mkaa siku ya kwanza. Washa kidogo, vipande vichache, udongo ukauke taratibu ndo uanze kupika. La jirani yangu lilipasuka katikati kwa kuwashiwa moto wa ugali wa watu wengi siku ile ile. Na maji usimwagie humo ndani hata siku moja, ukimaliza kupika funga mlango na fukia makaa kwa majivu, ukiyafukia vizuri asubuhi unakuta bado yana uhai huhangaiki na kiberiti.

Mi nawashia magunzi na vijiti, wale mnaowashia nailoni sijui chakula mnakilaje na ile harufu. Usijaze mkaa mpaka sufuria inaukalia, hewa haipiti, unapata moshi na masizi tu. Kabla ya kuwasha tena kung'uta majivu matundu yafunguke, ukisahau utapepea mpaka mkono uume. Mkaa wenyewe nachagua ule mzito wa miti ya porini, hasa mti uitwao mtundu, wa mwembe ni mwepesi unaisha unauangalia. Kipindi cha mvua uliolowa unaruka cheche balaa, na chenga za chini ya gunia zinaziba matundu kwa hiyo natanguliza vipande vikubwa chini.

Na hili baridi, naomba msilale na jiko chumbani. Watu wanadhani mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi ni salama, kumbe ndo unatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mnalala mlango umefungwa hamwamki. Kuota moto ni nje, basi.

Mabaya yake: zito kulihamisha, linachelewa kushika moto kuliko la bati, na mkono mmoja wa kubebea umeshalegea ribiti yake, nimemrudishia fundi akasema njoo kesho, kesho yenyewe mpaka leo. Najua pia kuna watakaoniambia nishati safi ya kupikia, serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe huko, sawa, mtungi mdogo wa gesi ninao na chai ya haraka nachemshia huo. Ila maharage ya masaa kwenye gesi yananishinda bei.

Nalipa nyota nne kwa tano. Watu wawili watatu saizi ndogo inawatosha, familia chukueni ya kati, lile kubwa waachieni mama ntilie maana ukilijaza nusu sufuria inakaa mbali na moto. Na mwende asubuhi, jioni fundi ana haraka ya kufunga hatawagongea mlango.