Zibo 737 kwenye X-Plane 12: kupaa si kazi, kazi iko kushuka

Mchana nauza spea za magari Gerezani, Dar. Usiku, watoto wakishalala, narusha Boeing 737-800 ya Zibo (jina la mtengenezaji) kwenye X-Plane 12, simyuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Ndege yenyewe ni ya bure. Unachonunua ni simyuleta, na kompyuta yenye ubavu wa kuibeba. Rangi na sauti wengine wameshazisifia. Mimi nazungumzia kushuka.

Kupaa hata mwanangu wa darasa la nne anapaa. Kushuka kuna hesabu. Natoka Nairobi kuja Dar, niko futi 33,000, nataka niwe futi 3,000 kabla ya kukamata ILS, redio inayoonyesha mteremko wa kutua, ya njia ya kurukia namba 05. Za kupoteza ni 30,000. Kila futi elfu moja inakula maili tatu za baharini, kwa hiyo 90, naongeza kumi za kupunguzia mwendo. Kompyuta ya ndege inapiga hesabu hiyo yenyewe, na upepo ikiuingiza. Ukiiacha kwenye VNAV, yaani otopailoti ifuate hesabu hiyo, inashuka bila kuguswa, injini ziko sailensa, kama mafundi wetu wanavyosema, yaani bila kukanyagwa mafuta. Raha kuitazama.

Ila ina sharti: kwanza uteremshe namba ya kimo kwenye paneli ya otopailoti. Wiki iliyopita nilisahau. Kiskrini kikaandika RESET MCP ALT, yaani badili namba ya kimo, mwenyewe niko jikoni namimina chai. Narudi, ndege imetulia palepale 33,000, na pa kuanzia kushuka tumeshapapita maili 22. Nitailaumu vipi? Niliiwekea 33,000, imekaa 33,000.

Nikateremsha namba, nikabonyeza LVL CHG, kitufe cha kushuka bila kufuata hesabu ya kompyuta, nikaweka mwendo wa noti 310 (maili za baharini kwa saa), nikavuta spidibreki, vibao vya juu ya mbawa vya kuvunja mwendo. Pua ikainama, futi zikawa zinayeyuka karibu elfu nne kwa dakika. Nikajiona fundi. Kisha futi 10,000 ikakaribia, na kuanzia hapo mwisho ni noti 250. Ndege hii inateleza mno. Ukiidai ipunguze mwendo, inaacha kushuka, ukiidai ishuke, mwendo unapanda. Aliyewahi kuteremka mlima Kitonga na lori lenye mzigo ananielewa. Nilipofika kwenye mstari wa ILS, kialama cha pinki kilikuwa chini kabisa ya kioo, maana yake niko juu mno, na mstari ule hukamatwa kwa kuutokea chini. Nikabonyeza TO/GA, kitufe cha kuahirisha kutua na kupaa tena, nikazunguka upya. Mama watoto akapita akauliza mbona leo Dar haifiki.

Simyuleta nyingine niliyowahi kuwa nayo ingeniteremsha tu kama lifti, nisijue nimekosea wapi. Hii imenidai kila maili niliyoipoteza jikoni.

Kompyuta yangu ya ramu gigabaiti 16 hukwamakwama mawingu yakizidi, basi napunguza ubora wa picha. Anayeanza, asiiguse VNAV wiki ya kwanza: piga hesabu kwa kalamu, shuka kwa LVL CHG. Na chai mimina kabla ya kupaa.