Scratch kwa darasa la tano: nimeijaribu muhula mzima
Nina wanafunzi 52 na kompyuta mpakato 6. Scratch, programu ya bure ya kuwafundisha watoto kuandika programu za kompyuta, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, niliipakua mjini mara moja. Sasa tunaitumia bila intaneti. Mtoto anapachika vipande vya rangi vyenye amri, paka aliye kwenye skrini anatembea. Tena lugha unaweza kuiweka Kiswahili, na hapo ndipo nilipoipenda kabisa.

Jumanne binti mmoja mkimya alikuwa akichora mraba. Alipanga "nenda" na "geuka" mara nne, akatulia, akafuta vyote, akabakiza jozi moja ndani ya kipande cha kurudia. "Mwalimu, kumbe ni kitu kilekile!" Nilifurahi mno.

Watoto tisa kwenye mashine moja ni wengi, kwa hiyo wanaosubiri huandika hatua zao kwa chaki sakafuni. Walimu wenzangu, ipakueni.