TAHADHARI, dada zangu: muuzaji wa wigi na viatu vikubwa Lubumbashi anayetaka picha ya kadi yako

Dada zangu wa Likasi, Kolwezi, Kipushi, Kasumbalesa na kwingine kote mnaopanga kwenda Lubumbashi kununua vitu, someni hii kabla hamjatuma hata franga moja. Kuna muuzaji anayetangaza kwa WhatsApp wigi za nywele asilia, viatu vya kike mpaka namba 45 na sidiria za kujazia kifua. Anasema wazi kwamba anapokea "wanawake wa kila namna, siri ni siri". Mali yake ni mbovu, na hilo peke yake lingetosha kumkimbia. Lakini ubaya wenyewe uko mbele: akishajua wewe ni nani na unatoka wapi, anakudai pesa ya kunyamaza.

Mimi ni mwanamke transi. Nilipozaliwa waliandika mvulana, na kadi yangu ya uchaguzi bado inasema hivyo. Nawaandikia kwanza wenzangu kwa sababu ni sisi anaotuwinda, ila yeyote anayenunua vitu kwa simu atapata humu cha kumsaidia.

Anaanza hivi. Anaweka kwenye statusi picha nzuri za wigi. Baadaye mwenzetu mmoja alizitafuta kwa Google akazikuta kwenye kurasa za wauzaji wa China, zilezile, na mandhari ileile nyuma. Ukimwandikia anajibu upesi, kwa maneno matamu: "mrembo wangu", "usijali mama, hapa uko kwako". Bei zake ziko chini ya soko kidogo tu, kiasi cha kukufurahisha bila kukutia wasiwasi. Kisha anaanza kuomba, kimoja baada ya kingine. Kwanza avansi ya nusu bei kwa pesa za simu. Halafu picha yako ya mwili mzima, uso ukionekana, eti ajue umbo. Halafu, na hapa ndipo kengele inapaswa kulia, picha ya kadi ya uchaguzi, pande zote mbili, eti ya kuandikishia mzigo.

Mzigo gani unaandikishwa kwa kadi wakati mteja anakuja kuuchukua mwenyewe? Tulimuuliza. Akajibu kwamba wateja waliwahi kumwibia, ndiyo maana anajilinda. Jibu hilo lina sura ya ukweli, na mtu aliyekwisha kutoa avansi hataki kuipoteza. Mwenzetu mmoja akaituma. Alikuwa anatafuta viatu vya namba 44 kwa muda mrefu, na sisi wote tunajua maana ya kuzunguka soko zima unaambiwa mwisho ni 41. Sitakubali mtu yeyote amlaumu chini ya maandishi haya. Wa kulaumiwa ni mmoja tu.

Ijumaa tuliondoka Likasi jioni, kikundi cha marafiki, wengine transi na wengine si transi, pamoja na yaya wetu mmoja, yaani mkubwa wetu, anayetuchunga siku zote. Ni kilomita kama 120 za barabara ya Taifa namba 1, na kwa wengi wetu safari hiyo ni pumzi. Likasi kila mtu anamjua baba yako mdogo. Lubumbashi unashuka, unapaka rangi ya midomo, unatembea, na mama anayeuza mboga anakuita "mama" bila kufikiri mara mbili. Asiyewahi kunyimwa neno hilo hawezi kujua linavyolegeza mabega. Usiku ule tulilala kwa rafiki yetu wa Katuba, tukala bukari na sombe, tukapeana rangi za kucha hadi usiku wa manane.

Jumamosi asubuhi tulianzia soko la Kenya, mtaa wa hapohapo Lubumbashi, na nashukuru tulianzia pale. Nilisimama kwa mama mmoja anayeuza nywele. Kabla sijauliza chochote akaning'olea uzi mmoja kutoka katikati ya wigi, akawasha kiberiti, akasema, "Tazama mwenyewe, mama." Nywele ya mtu ikiungua inanuka kama pembe au manyoya ya kuku yaliyobabuka, na inaacha majivu yanayosagika ukiyagusa. Nywele ya plastiki inajikunja, inayeyuka, inaganda kuwa tone gumu jeusi, na inanuka mfuko ulioungua. Ule uzi uliacha majivu. Akanionyesha na nyingine ya bei ndogo, akasema waziwazi hiyo ni plastiki, nikitaka ya kuvaa mara chache inatosha. Muuzaji mwaminifu yuko hivyo: yeye ndiye anayekupa kiberiti.

Mchana tukaenda kwenye miadi. Muuzaji alikuwa ametuambia "duka" liko upande wa Kampemba. Tulipofika akatupigia kutuelekeza pengine, kisha pengine tena, mpaka tukajikuta mbele ya nyumba ya watu, geti limefungwa, hakuna kibao. Sebuleni mapazia yalikuwa yameshushwa mchana kweupe. Wigi zilikuwa chache, ndani ya mifuko, na zile za kwenye picha hazikuwepo. "Zimeisha asubuhi hii," akasema.

Niliyopewa mimi ilikuwa laini mbele, pale mkono unapogusa kwanza. Nikaipindua nikatazama ndani: safu za juu zilikuwa na nywele za aina moja, safu za kati aina nyingine, zinang'aa mng'ao wa mdoli. Nikaomba kuchoma uzi. Akakataa, akasema nitaharibu mali. Shikeni hilo, ndugu zangu: uzi mmoja hauharibu wigi. Na mkipima, ng'oeni kutoka sehemu tofauti, mbele, katikati na nyuma ya shingo, kwa sababu wanaochanganya huweka nzuri pale panapoonekana.

Viatu vya mwenzetu vilikuwa na kibandiko cha 44 kwenye soli. Mguu ulikataa kuingia. Akakikwangua kibandiko kwa ukucha, na chini yake ilikuwa imechapwa kwenye mpira wenyewe: 42. Gundi ya kisigino ilikuwa imeanza kuachia kabla kiatu hakijakanyaga barabara.

Muuzaji alikuwa ametuelekeza tujaribie nguo kwenye kona moja tu, karibu na kabati, akasisitiza pale ndipo penye mwanga. Yaya wetu, ambaye hakuja kununua, akawa anatazama chumba. Juu ya kabati kulikuwa na simu imeegemezwa kwenye chupa ya manukato, mgongo wake ukitazama kona ile. Akaichukua, akaigeuza. Sekunde zilikuwa zinahesabu. Muuzaji alikuwa anaturekodi.

Tulitoka pale kwa kelele, na yaya alihakikisha ameifuta ile video, hata kwenye kapu la vilivyofutwa, kabla hajairudisha simu. Avansi haikurudi. Hatukujua kama kulikuwa na simu nyingine.

Jioni tulikwenda Kamalondo kula michopo, tukitaka siku iishe vizuri. Nyama ilikuwa bado kwenye karatasi, pilipili pembeni, chupa za bia ya Simba mezani, ndipo simu ya mwenzetu ikalia. Ilikuwa picha ya kadi yake, jina lake la kadi, na chini yake kipande cha video ya sebuleni, inayotuonyesha tukivua viatu. Kumbe simu ya pili ilikuwepo. Ujumbe ulisema alipe dola 200 kabla ya misa ya Jumapili, la sivyo vitu hivyo vitafika kwa familia na kanisani kwao. Muuzaji alikuwa ameona mtaa kwenye kadi. Nilimwona rafiki yangu mikono ikimtetemeka mpaka akashindwa kushika simu, na hasira niliyoipata pale ndiyo inayoandika hapa.

Hakulipa. Tulikaa naye mpaka alfajiri na hatukumwacha peke yake hata dakika moja. Tulifanya hivi: tulipiga picha za skrini za ujumbe wote, namba zikionekana, tukahifadhi risiti ya avansi, ambayo jina lake halikufanana na jina alilojiita muuzaji, tukatuma nakala kwa mtu mwingine tunayemwamini, kisha tukafunga mawasiliano. Mwenzetu alifunga pia ukurasa wake wa Facebook ili orodha ya ndugu isionekane. Na yaya akampigia dada mkubwa wa mwenzetu huyo, ambaye tayari anajua na anampenda, ili kama kitu kikifika nyumbani kikute mtu wa kusimama mlangoni. Vitisho viliendelea kwa namba nyingine, kisha vikapungua. Mpaka leo hajatuma kitu kwa familia.

Linganisheni na aliyotueleza dada mmoja wa Kolwezi baada ya sisi kuanza kuulizauliza. Yeye alilipa. Wiki iliyofuata aliombwa mara mbili ya ile ya kwanza. Anayekutisha akilipwa amejua mambo mawili: kwamba unaogopa, na kwamba una pesa. Hafuti picha. Kwa nini afute kinachomlisha?

Wengi mmeniuliza kuhusu polisi. Niseme ninalojua. Kanuni ya Adhabu ya Kongo haina kifungu kinachosema kuwa transi ni kosa. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inazungumzia ndoa, kwamba ni ya watu wa jinsia mbili tofauti. Haisemi lolote juu ya viatu vyako. Tatizo liko kwenye kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kuvunja maadili hadharani, ambacho kimekuwa kikitumiwa dhidi ya watu wetu kwa sababu maneno yake ni mapana. Upande wa pili, kumtisha mtu ili atoe pesa ni kosa, na kuna pia Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayoadhibu unyanyasaji wa mtandaoni. Kwa hiyo haki unayo, lakini usiende kituoni peke yako usiku na hofu yako. Nenda na wakili au na mtu wa shirika la haki za binadamu, na peleka kesi ya kudaiwa pesa kwa vitisho. Huna sababu ya kumweleza askari maisha yako.

Jambo jingine lililonitisha, na naona wengi wanalipita. Muuzaji huyu ana vidonge pia. Alitushikisha kifuko cha plastiki chenye vidonge vidogo, bila boksi, bila karatasi, bila tarehe, akasema ni "homoni za kike, kunywa viwili viwili". Dada zangu, nawasihi. Najua daktari wa kutusikiliza ni vigumu kumpata, najua hamu ya kuona mwili ukibadilika ilivyo kubwa. Lakini vingi vinavyouzwa namna hiyo ni vidonge vya uzazi wa mpango, na estrojeni iliyomo ikinywewa kwa wingi inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, zaidi kwa anayevuta sigara. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla na kifua kuchoma, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, na mwambie daktari ulichokunywa hata kama unaona aibu. Kidonge kisicho na jina, hata daktari mwema hatajua akutibu nini.

Basi tununue wapi? Sokoni, mchana, kwa mtu mwenye meza yake ambaye kesho utamkuta palepale. Wigi, omba kuchoma uzi. Viatu, pindua soli utafute namba iliyochapwa kwenye mpira wenyewe, si ya kibandiko. Na kwa wenye miguu mikubwa kama mwenzetu, nendeni kwa fundi wa viatu. Jumapili kabla ya kurudi tulimpata mmoja: alimkanyagisha rafiki yangu kwenye karatasi, akachora mguu kwa kalamu, akapima upana wa vidole kwa kamba, akauliza rangi na urefu wa kisigino. Hakuuliza kingine. Alichukua avansi ndogo na akaandika risiti kwa mkono, yenye jina lake na namba ya meza yake.

Ukilazimika kulipa kwa simu, tazama jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, lisipolingana, acha. Ukiwa na shaka, mwambie mama wa kabine, kibanda cha pesa za simu, akusomee lile jina kwa sauti. Picha ya uso wako isitoke, kadi isitoke, mtaa wako usitajwe. Saizi ni namba tu, mwandikie namba. Akibadilisha mahali pa kukutana zaidi ya mara moja, rudi nyumbani.

Namba zake hubadilika, kwa hiyo msimtafute kwa namba. Mtamjua kwa "siri ni siri", kwa kadi anayoitaka pande zote mbili, kwa duka lisilo na kibao, na kwa jina la risiti lisilo lake. Kama tayari ana kadi yako, usifute mazungumzo hata yakikuchoma macho. Piga picha za skrini leo, kisha niandikie kwa faragha. Jina ulilojichagulia linatosha. Tumeshakuwa kikundi cha waliotapeliwa na mtu huyohuyo, tunakusanya risiti zetu pamoja, na wakili tuliyemwendea amesema kila risiti inayoongezeka inaipa kesi nguvu.